Kuachia

Foibe Chidumizi, mama yangu mdogo,
ananicheka mpaka khanga inamlegea:
"Miaka minne ya chuo, na mkopo juu,
ukaja kujifunza kupika mlenda?"

Sikatai. Ni ule ule,
majani aliyoyaanika mwenyewe juu ya bati kule Handali,
akayatwanga, akayachekecha,
akanifungia kwenye mfuko wa sukari.
Tofauti ni kwamba mimi naupima kwa mizani
inayotikisika mtu akikohoa,
sitii magadi wala karanga,
na mwiko wangu ni wa kioo.

Ukiunyanyua unavutika,
uzi mwembamba usiotaka kukatika,
kama mazungumzo ya wageni mlangoni wakishaaga.
Uzi huo ni mnyororo. Nikidondosha chumvi ya chokaa
minyororo inapigana vifundo kimya kimya,
na maji yaliyo katikati
hayana tena pa kukimbilia.
Kinachobaki kinatetemeka kiganjani,
maji tisini kwa mia, na bado kimesimama.
Hapa kwetu, ambako ndoo hupanga foleni
na mvua ya Januari hupita kama mkaguzi,
kitu kinachojua kukaa na maji
si cha kudharau.

Ndani yake nimeficha dawa.
Jeli ya kwanza iliimwaga yote kwa saa moja,
mtoto aliyepewa siri.
Ya pili ilibana, siku tatu haikutoa hata harufu.
Ya tatu umeme ulikatika, friji ikapata joto,
ikaota ukungu wa kijani,
mzuri kwa kweli, nikaupiga picha.
Ya nne mpaka ya kumi na moja sizisimulii.

Kidonda kiko chini ya kidole gumba, mguu wa kushoto.
Kisukari kilishauziba mguu masikio:
alitembea na kokoto ndani ya kiatu
kutoka kanisani mpaka kwenye keki ya harusi, hajui.
Vidole viwili vya pembeni vilikatwa Machi.
Akasema sawa, vilikuwa vya mapambo.
Jumanne na Ijumaa tunakaa kwenye benchi la kliniki,
nesi Matika anabandua shashi,
na nyama mpya, ile ya waridi iliyokuwa imeanza,
inabanduka nayo.
Yeye hasikii.
Mimi nasikia.

"Nipake huo mlenda wako," aliniambia jana.
"Nimeula miaka hamsini na nane, haujaniua."
Nikamweleza: haujajaribiwa kwa mtu,
hata kwa panya bado,
kuna kamati, kuna fomu, kuna kibali.
"Kamati ina miguu mingapi?"
Sikuwa na jibu la kisayansi.
Akasukuma bakuli kwangu,
nikamalizia tonge la uwele, nikalamba vidole,
na ule uzi ukanifuata mpaka kidevuni.

Saa tisa usiku. Upepo unarusha mchanga
kwenye kioo cha dirisha la maabara.
Jeli ya kumi na mbili imelala ndani ya maji yake
yenye joto la mwili wa binadamu.
Nachota matone mawili pembeni yake,
mashine inawaza, inawaza,
inatoa namba: nne kwa mia.
Saa sita zilizopita ilikuwa tatu.

Inaachia.
Haimwagi, haibani,
kama mama mdogo anavyogawa unga mwezi wa pili
sakafu ya ghala ikishaonekana
na mtama bado uko kijani shambani.

Naandika namba kwa kalamu, maana umeme siuamini.
Chini yake, palipoandikwa *Maoni*,
naandika: mguu wa kushoto.
Kisha naukata kwa mstari mmoja.
Bado unasomeka.